Nyuzi za Mama Mutua wa Ramisi

Siku moja haijanitoka akilini mpaka leo, mwanangu, ingawa wengi wa waliokuwamo ndani ya nyumba ile wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Ilikuwa siku ya kuchoma miwa kule Ramisi. Mama yangu alinipeleka kwa Mama Mutua nikajifunze kufuma, maana nilikuwa nimemaliza shule na nyumbani sikuwa na kazi ila kuzurura. Tulipofika uani, majivu meusi ya miwa yalikuwa yakidondoka kutoka juu, na mwenye nyumba alikuwa akikimbia kufunga madirisha. Hata salamu hakutupa. Alipomaliza ndipo akatugeukia, akahema.

"Mnisamehe. Nina uzi mweupe ndani. Karibuni sasa."

Nikampa shikamoo, akaipokea, akaishika mikono yangu na kuvipapasa vidole kimoja kimoja kama anayechagua mahindi. Akasema inatosha, nije kesho.

Mama Mutua alikuwa mtu wa bara. Alikuja pwani na mumewe aliyefanya kazi kiwanda cha sukari, mume akafariki, yeye akabaki. Mwanawe wa pekee, Mutua, alikuwa mlinzi katika hoteli moja ya Diani, na alikuja kumtazama mamake kila alipopata likizo. Bibi yule aliishi kwa kufuma masweta ya watoto wa shule. Usicheke. Pwani ni joto, lakini mvua za kusi zikishika, asubuhi mtoto hutetemeka kama mwingine yeyote, na shule husema sweta ni sweta.

Ninakusimulia haya kwa sababu wewe sasa unafuma mikoba ya kuwauzia wageni, na nyuzi zako nimeziona zilivyo chumbani mwako. Basi sikiliza za mwenzio zilivyokuwa.

Hakuwa na kabati. Alikuwa na chumba kidogo cha pembeni, na ukutani misumari mirefu, na kila msumari mfuko wa kitambaa wenye kamba ya kufungia mdomo. Kitambaa, si plastiki. Alisema plastiki huufungia uzi jasho lake, na hewa yetu hii haikosi unyevu, ukija kufungua unakuta kuvu. Ndani ya kila mfuko alitia majani makavu ya mwarobaini kufukuza nondo wanaokula uzi. Sindano za kufumia zilikaa ndani ya makopo ya maziwa ya unga, kila unene na kopo lake, nazo zilipakwa mafuta kidogo zisishike kutu. Masazo ya uzi hayakutupwa, yaliviringwa vibonge vidogo vya kutengenezea maua na vifungo.

Na kila kamba ya mfuko ilikuwa na mafundo. Kuna yenye fundo moja, kuna yenye mawili, kuna iliyosukwa, kuna iliyofungiwa kishungi cha kitambaa. Mimi niliyaona kuwa mapambo ya kizee tu.

Siku moja nilirudisha mfuko wa buluu kwenye msumari wa kijani. Kosa dogo, misumari yenyewe imekaribiana. Mama Mutua alipokwenda kuuchukua uzi aliipapasa kamba, akaipapasa tena, kisha akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mwanajuma! Ukitaka kunificha uzi wangu, kauzike shambani kabisa nijue moja. Usiutundike ukutani kwangu ukanichezea."

Nilikereka, kusema kweli. Lakini siku zile nilianza kumtazama vizuri. Nikaona kwamba akimimina chai hutia ncha ya kidole ndani ya kikombe. Nikaona kwamba mtu akiingia mlangoni, yeye husubiri kwanza mtu huyo aseme. Jioni moja nilimwambia tu, "Mama, huoni." Wala sikuuliza. Aliendelea kufuma.

"Naona vivuli," alisema. "Mwaka jana nilikuwa naona zaidi. Rangi zimeondoka mwanzo, sasa na sura za watu nazo zinaondoka. Usimwambie mtu, na zaidi Mutua. Akijua atanirudisha bara kwa kaka yangu. Huko nitakalishwa kitini nilishwe, mpaka nife. Hapa bado nina mikono."

Niliahidi. Kuanzia hapo nikawa ninamsomea rangi madukani, na yeye akifika nyumbani anafunga kwenye kamba fundo la rangi hiyo. Watu wa Ramisi waliendelea kuleta watoto wapimwe, wakaendelea kuchukua masweta yasiyo na kasoro. Hakuna aliyejua.

Kisha akaja Ruth, mkewe Mutua. Alikuwa mjamzito wa miezi mingi, na Mutua alitaka apumzike kwa mama mkwe hadi likizo yake ianze. Ruth alikuwa mwanamke mpole. Mimba ya kwanza ilikuwa imemharibikia, aliamka akakuta shuka lote damu, kwa hiyo hii ya pili aliibeba kwa woga. Alimwomba mama mkwe amfumie shali ya mtoto: nyeupe, yenye ukingo wa kijani. Uzi wa kijani aliuchagua mwenyewe kule Ukunda, akauleta. Mama Mutua akaupa msumari na fundo.

Shali nyeupe ikafumwa ikaisha. Ukabaki ukingo tu. Wakati huo huo mimi nikaitwa Msambweni, dada yangu anaolewa huko, nikaenda.

Jumapili ile Mama Mutua alikwenda kanisani na jirani. Ruth akabaki, akaingia chumba cha pembeni, akaona mifuko iliyochujuka na kamba zenye mafundo yasiyo na mpango. Akaamua kumpendeza mzee. Aliifua mifuko yote, akafungua mafundo ili kamba zinyooke, akaanika, kisha akazirudisha nyuzi zikiwa zimepangwa kwa rangi, kutoka nyepesi hadi nzito. Walioona wanasema ukuta ulipendeza mno.

Mama Mutua aliporudi alionyeshwa. Alipitisha mkono juu ya zile kamba laini, akasema, "Ahsante, mwanangu. Umefanya kazi kubwa." Hakuweza kusema zaidi bila ya kusema yote. Naye Ruth akamwambia kwamba hakuna kilichopotea, vyote viko pale pale ukutani, ila vimenyooshwa tu. Mama Mutua akaelewa kwamba kila uzi bado uko kwenye msumari wake wa zamani.

Nilirudi siku ambayo Mutua naye alifika. Niliwakuta sebuleni. Mama Mutua alikuwa amevaa leso mpya, na shali imekunjwa mapajani mwake. Alimkabidhi Ruth kwa mikono miwili. Ruth akaikunjua.

Ukingo ulikuwa mwekundu. Wekundu wa damu, umezunguka ile nyeupe pande zote.

Ruth alitoa sauti ndogo, akaiachia shali ikaanguka, akashika tumbo. Mutua akasimama.

"Mama! Mke wangu amekukosea nini? Unajua yaliyompata, halafu unamletea hii?"

Mama Mutua aligeuza uso huku na huku, akitafuta sauti zilipo. Nilikuwa nimeshaelewa, na mdomo wangu ulikuwa mzito kwa sababu ya ile ahadi. Lakini hakunihitaji niivunje. Alinyoosha mkono hewani kwa upande wangu, maana alikuwa amenisikia nikibisha hodi.

"Mwanajuma, ni rangi gani?"

"Nyekundu, mama."

Mutua alimtazama mamake kama ndiyo kwanza amwone. Kisha akaketi chini, palepale sakafuni, akaanza kusema mambo ya kumpeleka hospitali, na baada ya hospitali kumpeleka bara, kwa nini amefichwa, nani mwingine anajua. Mama Mutua alikuwa amejikunja kama mtu anayengoja kupigwa.

Aliyejibu ni Ruth. Alifuta machozi, akaiokota shali, akakaa karibu na mama mkwe mpaka magoti yakagusana.

"Yale mafundo yalikuwa ndiyo macho yako, na nimeyafungua mimi. Haendi bara mtu hapa. Mama, nifundishe yalivyokuwa."

Mchana ule wote walishinda chumba cha pembeni. Ruth alitaja rangi, Mama Mutua akafunga fundo, na mimi nikapigilia misumari iliyolegea. Mutua alifumua ukingo mwekundu mwenyewe, vibaya, akauchanganya uzi mpaka ikabidi anyang'anywe.

Hospitalini waliambiwa kwamba macho yaliyokwenda hayarudi, na kwamba kama angalikuja mapema huenda kingaliokolewa kitu. Hilo Mama Mutua alilikubali, akasema ni ugumu wa kichwa chake mwenyewe. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, akafunikwa shali yenye ukingo wa kijani. Bibi yule alifuma miaka mingi baada ya hapo, nyumbani kwake Ramisi, na alikufa kitandani mwake.

Sasa nasaha zangu, mwanangu. Uzi wako uupe pahali pake, na kila ukiutoa uurudishe hapo hapo, hata ukiwa umechoka. Usiuweke na unyevu, wala usiufungie plastiki. Karatasi ya rangi inayokuja imezungushiwa uzi usiitupe kabla kazi haijaisha, maana kijani cha leo dukani si kijani cha mwezi ujao. Hayo ni ya mikono.

Ya moyo ni haya. Ukiingia nyumba ya mtu, usimpangie vitu vyake mpaka umemuuliza. Kinachoonekana kwako kuwa fujo huenda ndicho anachoshikilia asianguke, na nia yako njema haitamwinua akianguka. Na wewe nawe, likikupata la kukupunguza, macho au chochote, usilifiche kwa walio wako mpaka lije kusemwa na aibu. Wapo watakaotaka kukuhamisha, ndiyo. Lakini huwezi kujua yupi kati yao atakayekaa karibu yako akuulize lilivyokuwa.

Nenda kazini kwako. Mwenyezi Mungu akulinde macho na vidole, akufungulie riziki ya halali, na akujaalie watu wa nyumbani wanaouliza kabla ya kugusa. Amina.