Vidole Vinne Juu ya Bahari

Siku nilipopaishwa juu ya mkondo wa Shimoni, nimefungwa mikanda chini ya mwavuli unaovutwa na boti, nilikuwa na miaka hamsini na mmoja na mpaka jana yake sikuwa nimewahi kupanda ngazi kupita kipago cha tatu. Boti chini yangu ilikuwa imekuwa ndogo kama kiatu cha mtoto. Sikupiga kelele. Niliinua mkono wa kulia mbele ya uso nikawa nahesabu vidole: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Nikimaliza, naanza tena. Waliokuwa wakinitazama kutoka melini walidhani nawapungia, nao wakanipungia.

Inanibidi nieleze vidole hivyo vilitoka wapi.

Kazi yangu ni makuti. Tuko wanawake kumi na wanne pale Bongwe, tunakunja majani ya mnazi juu ya ufito mwembamba na kuyashona moja baada ya jingine mpaka lipatikane kuti moja la kuezekea. Wanawake hushona, wanaume hupanda. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa mama yangu, na sijamsikia mtu akiuliza sababu. Mimi niliupenda mgawanyo huo kuliko wenzangu wote, kwa jambo ambalo sikulitangaza: nikiwa juu ya kitu chochote, ardhi huanza kunivuta kama mtu anayeniita kwa jina. Embe lililo juu mtini nililiacha mpaka lianguke lenyewe.

Miaka mitatu iliyopita tulipata kazi ya nyumba moja Msambweni. Fundi wa kuezeka alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Tulikubaliana kama kawaida: kati ya mstari wa makuti na mstari, vidole vinne. Nafasi ikizidi hapo, paa huwa jepesi na mvua hupita. Paa likaisha, likapendeza. Yakabaki makuti mengi, naye akayabeba, kwani desturi yetu ni kwamba yanayobaki ni ya fundi. Akaezekea jiko lake. Masika yalipoingia, nyumba ya Msambweni ikavuja mpaka kitandani.

Nilimwendea kwake mchana, siku ambayo ua ulijaa watu waliokuja kula akika ya mtoto wake. Sikungoja hata sahani ziondolewe. Nikamwambia mbele ya wageni kwamba ametanua nafasi makusudi ili abakishe makuti ya jiko lake.

Hakupandisha sauti. "Shemeji, nilipima vidole vinne. Kama huamini, nenda Msambweni, ngazi ipo. Panda uone."

Nilikwenda. Nilipanda vipago vitatu. Kwenye cha tatu niliikumbatia ngazi, nikafumba macho, na ikambidi mwenye nyumba aje kunibandua. Habari ilifika Bongwe kabla yangu. Kutuma mtu mwingine akapime kusingenisaidia, maana wanaopanda mapaa kwetu wote ni ndugu zake au watu aliowafundisha kazi yeye. Baada ya miezi michache mwenye nyumba aliyang'oa makuti akaweka mabati, na ushahidi ukaenda nayo. Idi iliyofuata mdogo wangu hakuwaleta watoto wake kwangu.

Mwaka huu ikaja kazi kubwa, paa la mkahawa wa hoteli moja Diani, refu kwenda juu kuliko mnazi uliokuwa kando yake. Meneja alimtaka shemeji, kwa kuwa ndiye aliyeezeka lile la zamani. Nilikubali kwa sharti moja: nafasi nitapima mwenyewe, juu, kwa mkono wangu.

"Wewe, shemeji?" aliniuliza.

"Mimi."

"Haya. Karibu juu." Akacheka, na mafundi wake wakacheka. Kazi ilikuwa ianze baada ya wiki sita.

Katika wiki ya tatu ikatokea safari ya meli. Ni meli ndogo ya watalii, yenye sitaha mbili, inayokwenda siku mbili kuzunguka Wasini na kurudi Shimoni. Tulikuwa tumewashonea makuti ya kibanda cha vinywaji kilichoko sitaha ya juu, na mwenye meli akatupa nafasi mbili za bure. Wenzangu walinichagua mimi. Nafasi ya pili akaipata shoga yangu, ambaye hukaa kando yangu tukishona na hunyamaza akila tu.

Gatini palikuwa na ubao wenye orodha ya michezo ya safari. Niliusoma mara mbili, nikaipanga michezo moyoni kwa kimo, iwe mazoezi ya paa la Diani: kwanza ngazi ya chuma ya kwenda sitaha ya juu, kisha kuruka majini kutoka sitaha ya chini, kisha kuruka kutoka ya juu, na mwisho mwavuli. Shoga yangu aliusoma mara moja.

"Mimi nitaangalia," alisema. "Mtu mmoja lazima arudi na habari."

Ngazi ya chuma ilikuwa na vipago kumi na vinne. Siku ya kwanza asubuhi nilifika cha tano nikarudi. Nilingoja abiria wamalize kunywa chai, nikafika cha saba. Mbele yangu alikuwa Mzungu mmoja mkubwa, mabega kama mlango, naye ameshika reli kwa mikono yote miwili huku midomo ikimchezacheza. Sikujua alikuwa akisema nini, lakini niliijua lugha ile. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani ugonjwa huu ni wa kwangu peke yangu.

Nikiwa pale kwenye kipago cha saba, nisijue la kufanya na macho, niliyaweka kwenye mkono wangu. Na mkono, kwa mazoea tu, ukaanza kazi yake: vidole vinne juu ya reli, inua, sogeza, vinne tena. Ndivyo ninavyopima kuti kutwa nzima. Nilipima reli, nikampita yule Mzungu kando, mpaka ikaisha, na ilipoisha nikajikuta nimesimama sitaha ya juu, chini ya makuti niliyoyashona mwenyewe.

Kuruka kutoka sitaha ya chini kulikuwa kwepesi. Ni kama kuruka kutoka ukutani. Nilivaa vazi la kuogelea la mikono mirefu na suruali, jaketi la kuelea juu yake, nikasema Bismillahi. Kutoka sitaha ya juu ilikuwa habari nyingine. Nilisogea ukingoni nikarudi. Nilisogea tena nikarudi tena. Foleni ya watalii nyuma yangu ikawa ndefu.

"Ruka basi, mwanamke weye!" shoga yangu alipiga kelele kutoka chini, sahani ya viazi mkononi. "Samaki washachoka kukungoja!"

"Nyamaza!"

"Na ukifa, lile sufuria lako la pilau nachukua mimi. Nakwambia mapema usije ukasema sikukuaga."

Niliruka kwa hasira. Nilipoibuka, maji yamenijaa puani, nilimtukana kwa sauti, na watalii wakapiga makofi wakidhani nashukuru. Niliruka mara nne zaidi kabla ya chakula cha mchana.

Mwavuli ulikuwa wa siku ya pili. Aliyesimamia alikuwa mwanamke kutoka Nakuru, mwenye mikono ya mtu aliyezoea kamba. Alikaza mikanda kiunoni na mapajani, akavuta kila mmoja mara mbili.

"Mathe, uko sawa?"

"Siko sawa."

"Poa. Wale husema wako sawa ndio husumbua." Akainua mkono, boti ikanguruma, na nyuma ya boti miguu yangu ikaacha mbao.

Niliyoyaona huko juu niliyaandika jioni ile ile nyuma ya karatasi ya ratiba ya chakula, nisije nikaongeza chumvi baadaye. Kelele za injini hupotea upesi. Upepo ni mmoja, hauna fujo. Maji yana rangi tatu, na mahali rangi zinapogawanyika pamenyooka kama pindo la leso. Wasini nzima inaonekana mwisho na mwanzo. Na jambo ambalo sikulitarajia: ardhi hainiiti. Ilikuwa mbali mno, ikaacha kunivuta. Nilihesabu vidole mpaka mara ya ishirini au zaidi, kisha nikasahau kuhesabu. Niliposhushwa nilimwomba yule mwanamke wa Nakuru anirudishe juu. Akakubali, na mara ya pili nilipunga mkono kwelikweli.

Wiki tano baadaye, Diani, nilipomaliza kushona makuti ya mwisho, shemeji alikuwa ameshafika karibu na kilele cha paa. Nilifunga kanga kiunoni juu ya suruali. Mafundi waliacha kazi kutazama. Mmoja akauliza nani atanibandua safari hii, na wengine wakaangua kicheko.

Nilipanda. Kwenye kipago cha tatu nilisimama kidogo, si kwa woga, nilitaka wakione. Kisha nikaendelea, vidole vinne, vidole vinne, mpaka kicheko kikabaki chini yangu. Ngazi ilipokwisha nilishika fito za paa na kupanda juu yake kama wanavyopanda wao, nikafika alipokaa shemeji. Bahari ilikuwa mbele, minazi chini. Shoga yangu, aliyenisindikiza Diani, alipiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia mpaka Ukunda.

Shemeji alinitazama kama mtu anayemwona mbuzi juu ya mnazi. "Umefika," alisema.

"Nimefika. Nipishe nipime."

Niliweka vidole vyangu vinne kati ya mstari na mstari. Ikabaki nafasi. Nikaongeza cha tano, ikajaa. Nikapima pengine, na pengine tena. Vitano kila mahali. Damu ikanipanda kichwani kama siku ile ya akika.

"Vitano hivi, shemeji! Macho yangu haya!"

Alinyoosha mkono wake akauweka pale pale nilipoutoa wangu. Vidole vya mtu aliyevuta kamba tangu ujana, vinene kama ndizi. Vinne vikajaa barabara.

Tulikaa tukiitazama mikono yetu miwili. Mimi nashona kwa mkono wangu na kupanga idadi ya makuti kwa mkono wangu. Yeye anaezeka kwa mkono wake. Vidole vinne, vidole vinne, tumesema miaka yote, na katika wanawake kumi na wanne na mafundi wale wote hakuna aliyeuliza vidole vya nani.

"Nilikwambia upande uone," alisema.

"Nimeona."

Alichukua kipande cha ufito, nikakiwekea vidole vyangu, akakikata hapo kwa panga. Nikamwomba msamaha wa ile siku ya akika, kwa sauti ya kufika chini, kwa kuwa nilimtukana mbele za watu. Mistari iliyokwisha kufungwa waliifungua na kuifunga upya kwa kijiti kile. Nilipanda kila siku mpaka paa lilipoisha, na siku ya mwisho nilikula mchana wangu pale kileleni. Mvua ya kwanza ilipiga usiku kucha, na asubuhi meneja alinipigia kusema sakafu ni kavu.

Idi hii mdogo wangu alinialika kwake. Tulipika pamoja jikoni, chini ya yale makuti yaliyobaki Msambweni. Mshono wa mkono wangu naujua hata katikati ya moshi. Mkono wake ukizidi wangu kwa kidole kimoja, basi katika kila makuti matano lilipaswa kubaki moja. Hiyo ni haki yake ya fundi. Yakizidi hapo, nafasi ya Msambweni ilikuwa zaidi ya vidole vyake vinne, na nilichosema siku ya akika kilikuwa kweli. Kutoka chini yale makuti hayahesabiki, moshi umeyashikanisha na mistari imelaliana. Lazima mtu apande.

Ngazi yake imeegemezwa nyuma ya jiko. Ina vipago tisa.