Mzee wa Mlangoni

Miaka ile ya Ujamaa, jumba la sanaa lilipojengwa pale Lushoto, sisi tulioajiriwa humo tulitembea vifua mbele. Paa lake la zege lilijikunja kama bawa la kuku anayeatamia, na kuta zilikuwa vioo vitupu, hata ukungu ulipopita ulituchungulia.

Siku ya ufunguzi nilimwalika shangazi yangu, mkulima wa viazi kutoka Rangwi, mtu asiyevumilia utovu wa adabu. Barazani, kando ya mlango, aliketi mzee wa mti, ukubwa wa binadamu, na kanzu yake ya kuchongwa. Shangazi akapiga goti kidogo.

"Shikamoo."

Kimya. Akarudia kwa sauti. Kimya tena.

"Ndiyo Ujamaa huu?" akanigeukia, macho yamemtoka pima. "Mtu akipewa kukaa nyumba ya vioo, basi hata marahaba inamshinda?"

"Shangazi, huyo ni sanamu. Amechongwa."

Hakuniamini mpaka alipompapasa goti. "Kumbe mvule," akasema, akajifuta mkono kwenye kanga kana kwamba mzee ndiye aliyekosea.

Mara mgeni rasmi akawasili na msafara wake, kijana ambaye shangazi angeweza kumzaa. Sote tukasimama. Akatupita karibu kabisa, shingo imekakamaa, asimwamkie mtu, akaenda moja kwa moja kukata utepe.

Shangazi akamsindikiza kwa macho, kisha akaniuliza, wala hakunong'ona: "Na yule kachongwa kwa mti gani?"