Dima na Sumu ya Jarso

Rafiki yangu, wiki iliyopita dada yangu alinipigia simu hapa Bulla Pesa, mjini Isiolo. "Jarso amekufa. Twende nyumbani Biliqo tukae na watu wake." Nikamwambia nitakwenda, lakini asiniambie nisamehe mtu. Wengine wote katika habari hii nawaacha bila majina. Huyu namtaja. Jarso, jirani yetu wa utotoni, ndiye aliua mbwa wetu, halafu akanisingizia mimi.

Mbwa tulimwita Dima, kwa Kiborana ni mwekundu, maana rangi yake ilikuwa ya udongo wa kwetu. Sisi ni Waislamu, mbwa haingii nyumbani. Alilala nje, mlangoni mwa boma la mbuzi, akinywa maji kwa mkebe wa mafuta uliokatwa. Mwalimu wa madrasa alitufundisha mate ya mbwa yakigusa chombo unaosha mara saba, moja kwa udongo. Mama alichunga sana vibuyu vyake, vile alivyofukiza moshi mpaka maziwa yananukia. Dima akisogea karibu, anarushiwa kuni.

Na bado alitulinda. Asubuhi nikivuta miiba ya mlango, mbuzi wakitoka wanalia, yeye ananusa kila mmoja. Alichonifundisha ni hiki: fisi akija, Dima alibweka bila kuuliza boma ni la nani. Kuna siku alibweka upande wa Jarso mpaka watu wakatoka na fimbo, mbuzi wa Jarso wakapona. Asante yake ilikuwa jiwe la mbavu, eti mbwa amekanyaga mkeka wa kuswali.

Sasa, kisima kina zamu. Siku moja Jarso aliingiza ng'ombe wake kabla ya zamu yetu, na baba akamwambia mbele ya watu, "Jarso, ng'ombe wako wana adabu. Wao walisimama, wewe ndiye umeruka laini." Watu walicheka sana. Jarso hakucheka.

Siku chache baadaye fisi aliua mbuzi wa Jarso. Akamwaga dawa ya kupe kwenye mzoga ili fisi wakirudi wafe. Hiyo watu walifanya. Lakini ukiweka sumu, kwanza unazunguka nyumba zote kwa miguu yako, unasema, "Fungeni mbwa." Jarso alizunguka. Kwetu hakufika.

Dima alirudi saa nne asubuhi akitembea kama mlevi, povu mdomoni. Nilimshika kichwa. Mama, huyo huyo mama wa vibuyu, alitoka mbio na kibuyu chake kikubwa, akamsukumia mdomo wa kibuyu katikati ya meno, mate na maziwa yakachanganyika, hakujali. Haikusaidia. Miguu ilipiga mchanga, kisha ikaacha.

Baba alikwenda kwa Jarso, mimi nyuma yake. Jarso akasema polepole, "Lakini nilimwambia kijana wako. Hakukuambia?"

Kijana ni mimi. Nililia, nikaapa. Baba alinichapa kwa fimbo ya ng'ombe, akisema nimemaliza nyumba yake. Na kweli nyumba iliisha. Bila mbwa, fisi waliingia bomani mpaka mbuzi wa kukamua wakaisha. Tukahamia Bulla Pesa, chumba kimoja cha kukodi, baba akibeba magunia sokoni, mimi nikaachia shule darasa la tatu. Baba alikufa akiamini ni mimi.

Siku ya dua kule Biliqo, mtoto mkubwa wa Jarso alisimama. "Kama baba alimkosea mtu hapa, tunaomba mumsamehe."

Wote wakasema, "Tumesamehe."

Nikasimama. "Mimi bado." Nikasema yote, mbwa, sumu, uongo.

Mtu akauliza nyuma, "Wallahi, miaka yote hii kwa sababu ya mbwa?"

"Ndiyo, mbwa. Na baba yangu."

Imamu akaendelea na dua kama hakuna mtu aliyesema kitu.

Nikitoka, mama mmoja mzee alinishika mkono. Zamani nyumba yake ilipakana na yetu. "Mtoto wangu, unasema kweli. Siku ile alifika kwangu, akasema fungeni mbwa. Ilibaki kwenu tu. Akatazama kwenu, akageuka, akarudi. Nilimwona."

"Mama, ulimwambia baba yangu?"

"Jarso alikuwa jirani. Tungekunywaje maji kisima kimoja?"

Nikautoa mkono wake. Na yeye alisema tumesamehe, nilimsikia.

Siku hizi huko hakuna anayezunguka nyumba. Mtu anamwaga sumu anaondoka na pikipiki, hata tai hawaonekani tena. Wazee wanasikitika eti desturi imepotea. Ilipotea wakati wao, mbele ya macho yao, na mdomo wanao. Dima alipigwa jiwe na kesho yake akabweka tena.

Sasa nina shahidi, na wa kumpelekea hayupo. Baba amezikwa hapa Isiolo. Tangu nirudi nimekwenda mara mbili, nimesimama pale kwenye kaburi kama mtoto aliyeitwa. "Baba," namwambia, "hakuniambia kitu."