Kobe na Nyaya za Kadi

Wifi ni wifi. Hata akikuletea maji ya kunywa, utayachungulia kwanza. Ndivyo alivyokuwa mchora ramani za nyumba na dada wa mumewe, yule ambaye ukoo mzima ulimwita Kobe. Na jina lilimkaa, usicheze. Kobe akimenya viazi, wenye njaa hulala. Akifunga mlango huutikisa, akaenda zake, kisha akarudi kuutikisa tena. Alikuwa fundi wa kompyuta, na karakana ilimwachisha kazi kwa ajili ya tabia hiyohiyo: kila waya lazima aupime, hata ule aliotoka kuupima. Tangu hapo akawa anaishi kwa kaka yake, akipata vibarua vya hapa na pale, na sebule ya watu ikajaa makopo ya skrubu.

Mchoraji alivumilia mpaka akachoka. Asubuhi ya siku hiyo alimwambia mumewe bila kupindisha maneno: dada yako tunampenda, lakini atafute kwake. Mume akakuna kichwa, akasema atazungumza naye, akaondoka.

Haya, mchoraji akageukia kazi. Mteja mmoja alitaka kuiona nyumba yake ikizunguka kwenye skrini, mwanga ukiingia madirishani, kesho yake asubuhi. Akiridhika, anampa mtaa mzima auchore. Kazi ya namna hiyo haikuwahi kumbishia hodi. Kompyuta yake ya mezani ilikuwa imezeeka, na kadi yake ya picha, kile kibao cha ndani kinachochora picha za skrini, ilikuwa ikikwama kila jengo linapokuwa na ghorofa. Basi akanunua kadi kubwa. Na kwa kuwa kadi kubwa ina njaa ya umeme, akanunua na pawa saplai mpya, lile boksi la chuma linalogawa umeme ndani ya kompyuta. Kompyuta yenyewe alikuwa nayo hiyo moja tu. Ikiungua, mteja kwaheri, na mkate wake umeota mbawa.

Amngoje Kobe? Thubutu! Angekagua mpaka kiama. Alifungua ubavu wa kompyuta mwenyewe, akalitoa boksi la zamani. Nyaya zake zilikuwa zimepitishwa nyuma ya bati vizuri, zimefungwa kwa vibanio, na kuzifumua ni karaha. Tena ni zile nyaya zinazochomoka pande zote mbili. Akaona ya nini kujisumbua: akaziacha palepale, akachukua ncha zilizokuwa kwenye boksi la zamani, akazichomeka kwenye boksi jipya. Zikaingia bila kusukumwa. Nyaya mpya zilizokuja na boksi hilo zikabaki kwenye mfuko wao. Akaunga kadi, akakaza skrubu, akajiona fundi.

Kidole kilikuwa njiani kuelekea kwenye swichi Kobe alipoingia. Hakusalimia. Alitazama mfuko wa nyaya ambao haujafunguliwa, akatazama ndani ya kompyuta, kisha akaenda ukutani, akachomoa waya wa umeme na kuutia mfukoni.

"Wifi, nyaya hizi ni za boksi lipi?"

Mchoraji alichemka. Akamwambia nyaya ni nyaya, hizi zimeingia zenyewe, na kazi inatakiwa kesho. Kisha akaongeza la kuongeza: kama ana uchungu wa kuachishwa karakana, asije akaumalizia humu ndani. Maneno hayana mkia wa kuyavutia nyuma. Kobe akavuta kigoda, akaketi.

Alichomoa kila kitu, akalitoa boksi jipya na ule waya wa kadi, akalirudishia umeme na kuliwasha peke yake juu ya meza, akachukua mita yake ya kupimia umeme. Ncha nyeusi akaigusisha kwenye bati la boksi, nyekundu akaiingiza kwenye tundu moja la plagi ya waya huo, ule upande unaoingia kwenye kadi.

"Hapa ndipo umeme unapopitia kurudi kwenye boksi," alisema. "Panatakiwa pasome sifuri."

Pakasoma volti kumi na mbili.

Akamweleza polepole. Upande wa kadi plagi zinalingana, lakini upande wa boksi kila mtengenezaji hupanga atakavyo. Waya wa boksi moja unaweza kuingia kwenye boksi lingine vizuri kabisa, halafu ukapeleka umeme mahali pasipotakiwa. Kadi ingeungua, na pengine kompyuta yote ingeifuata. Mchoraji akakaa sakafuni.

Walifumua nyaya za zamani, wakapitisha mpya, Kobe akipima kila ncha na kurudia. Safari hii mchoraji alishika tochi na hakusema fanya haraka. Walipowasha, feni za kadi zikazunguka, na nyumba ya mteja ikageuka kwenye skrini bila kukwama, jua likimwagika ukumbini.

Mchoraji akamshika wifi yake mikono yote miwili. Machozi yalikuwa karibu, wala hakuyaficha.

"Ahsante, wifi. Umeniokoa. Na mimi asubuhi nilimwambia kaka yako uondoke hapa. Nisamehe."

"Najua. Alinipigia simu," Kobe alisema. "Ndiyo maana nimewahi kurudi, nije nifunge mizigo."

Begi jipya la safari lilikuwa mlangoni, pale alipolitua alipoingia. Mchoraji akasema begi hilo halina safari. Kisha akaenda akalifungua, akatumbukiza humo nyaya zote za zamani, akalibeba kulipandisha juu ya kabati. Kobe akamsimamisha. Akamwambia atie na lile boksi la zamani humohumo, zisije zikachanganywa tena.