Maji Kumi Ndani ya Magadi

Vifurushi vilikuwa ishirini, na vyote vilikuwa vimepungua kwa kiasi kilekile. Hilo ndilo lililonisisimua mwili. Mwizi wa kawaida hubeba kifurushi kizima na kukimbia. Huyu alikuwa amefungua kila kimoja, akachota sawasawa, akakifunga tena kwa fundo langu mwenyewe, kisha akatoka katika chumba chenye kufuli.

Ulikuwa wakati wa Mjerumani, reli imeshafika Dodoma na mji ungali mahema, vibanda na vumbi. Mimi nilizaliwa Kondoa, nikasomeshwa pwani, nikarudi bara kuwa karani wa mzungu aliyepima maji ya visima vya reli. Maji ya kwetu yana chumvichumvi, na ukiyatia kwenye injini yanaacha ukoko tumboni mwake kama ugali chunguni. Dawa yake ni magadi. Si haya ya ardhini tunayotilia mlenda. Yale yalitoka Ulaya, vipande vinavyopitisha mwanga, kama vioo vilivyovunjika.

Mzungu wangu hakuwa mtaalamu wa mambo hayo. Alikuwa fundi wa mabomba aliyepewa kitabu, naye alikiheshimu kitabu hicho kama msahafu. Kilimfundisha kwamba kila kitu kimejengwa kwa chembe zisizoonekana, kwamba kila aina ya chembe ina uzito wake, na ukiujua uzito huo unaweza kuzihesabu kwa mizani bila kuziona. Gramu kumi na nane za maji ni fungu moja, aliloliita moli. Gramu mia mbili themanini na sita za magadi yale nazo ni moli moja, na idadi ya chembe katika mafungu hayo mawili ni ileile. Nilimwuliza ni ngapi. Akasema ni nyingi kuliko mchanga wa Ugogo wote. Nilicheka, lakini jioni nilipokuwa naukanyaga mchanga huo kwenda nyumbani sikuweza kucheka tena.

Basi akaniagiza nifunge magadi katika karatasi na uzi, moli moja kila kifurushi, ili tukifika kisimani tusisumbuke na mizani. Nikavipanga ishirini juu ya rafu. Chupa moja tu, iliyozibwa kwa nta, ilibaki kama sampuli. Ufunguo mmoja wa stoo ulikuwa wangu, wa pili ulikuwa wa mlinzi, na mlinzi alikuwa baba mkwe wangu.

Nilikuwa nimeoa binti wa Kigogo, na kazi ile ya ulinzi nilimtafutia mzee mimi mwenyewe. Ujanani alikuwa akibeba chumvi ya Bahi na kuwauzia watu wa misafara. Tulifanya kazi tukiachana hatua kumi tu, na kwa mwaka mzima hatukuwa tumetazamana usoni. Nyumbani kwao mkwe ni heshima: huli naye, humtaji jina, na ukiwa na neno unalipitisha kwa mkeo. Niliona adabu hiyo inanifaa, maana mdomo wangu ni mwepesi kuudhi watu.

Mzungu alisafiri kukagua visima vya magharibi, akakaa mwezi mzima. Ulikuwa msimu wa kipupwe, wa ule upepo unaopasua midomo na kukausha nguo hujamaliza kuzianika. Aliporudi tulifungua kifurushi cha kwanza. Ndani mlikuwa na unga mweupe, mkavu, usio na mng'ao hata kidogo, na mizani ikaonyesha gramu mia moja ishirini na nne. Cha pili, mia moja ishirini na nne. Cha tatu hivyo hivyo. Nilipofika cha kumi, nyuma yangu nilimsikia mzungu akipumua kwa pua.

"Nani ana ufunguo?"

"Wangu haujatoka shingoni, Bwana," nilisema.

Maneno manne tu, na nilijua yanaelekea wapi. Wiki ile mke wangu alikuwa ameleta mlenda kutoka kwa mama yake, laini kupita kawaida, nami niliula nikijiuliza magadi yametoka wapi. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, nikajiona mwerevu. Nilimdhania mzee wizi, na siandiki haya ili nijitetee.

Askari wakamleta. Mzungu akamwuliza kama ameiba. Mzee alijibu akitazama chini.

"Ni mimi," alisema.

"Umepimaje sawasawa bila mizani?"

"Kwa kiganja. Nimeuza chumvi tangu ujana wangu."

Akahukumiwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, vya kupigwa Jumamosi asubuhi atakaporudi mkubwa wa boma. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nimewahi kuona kijana mwenye nguvu zake akibebwa kwenye machela baada ya adhabu hiyo, na huyu alikuwa mzee anayeinuka kwa kushika ukuta.

Mke wangu hakunilaumu. Alikaa mlangoni, kisha akasema, "Baba haoni hata tundu la sindano. Nani alifunga tena yale mafundo?"

Usiku ule sikulala. Alhamisi mchana niliingia stoo, nikafunga mlango kwa ndani na kuvunja nta ya ile chupa. Vipande vilikuwa bado vinang'aa. Nikaweka vichache kwenye sahani ya mizani, nikatia mawe upande wa pili mpaka mshale ukasimama katikati, nikaketi juu ya sanduku na kuikalia mikono yangu.

Upepo ulipiga mluzi kwenye nyufa za mbao. Kwa muda mrefu hakikutokea kitu. Kisha pembe ya kipande kimoja ikawa nyeupe, na weupe ule ukatambaa kama mba. Sahani ya magadi ikaanza kupanda. Hakuna aliyeigusa. Nilizuia pumzi nikidhani ndiyo inayoipeperusha, na bado ikapanda. Nikasoma Ayatul Kursi yote, na nilipomaliza mshale ulikuwa umesogea zaidi. Mwizi alikuwa mle ndani pamoja nami, anachota mbele ya macho yangu, na sikuona hata kivuli chake.

Nilitaka kukimbia. Nilibaki kwa ajili ya mgongo wa mzee. Nikageuza macho nisiitazame mizani, na kupitia ufa nikaona shuka la mzungu kwenye kamba. Lilikuwa limeanikwa likichuruzika nilipokuwa naingia. Sasa lilikuwa kavu, linapepea.

Nikakumbuka jedwali la kitabu, nililolinakili bila kulielewa: magadi ya vipande, na mbele yake maji, kumi. Nilikuwa nimedhani ni maelekezo ya kuyayeyusha. Nikachukua kibao. Sodiamu mbili, ishirini na tatu kila moja, ni arobaini na sita. Kaboni moja, kumi na mbili. Oksijeni tatu, kumi na sita kila moja, ni arobaini na nane. Jumla mia moja na sita. Mafungu kumi ya maji, kumi na nane kila moja, ni mia moja themanini. Zote pamoja, mia mbili themanini na sita. Maji yalikuwa yamefichwa ndani ya kitu kikavu, mengi kuliko kitu chenyewe, na upepo wa Dodoma ulikuwa unayanywa.

Ijumaa nilimpelekea mzungu kibao. Alikisoma mara mbili akatikisa kichwa.

"Maji yote yakitoka, inabaki mia moja na sita. Vifurushi vina mia moja ishirini na nne. Basi ameiba, kisha amechanganya kitu kuficha wizi."

Nilikuwa nimemchimbia mzee shimo la pili. Kisha nikatoa namba moja kwenye nyingine, nikapata kumi na nane.

"Limebaki fungu moja la maji, Bwana," nilisema. "Tisa yametoka, moja limekataa."

Tukaweka unga wa kifurushi kimoja katika sufuria juu ya mkaa, nami nikashikilia kioo baridi juu yake. Kioo kikapata ukungu, ukungu ukawa matone. Mzungu aligusa tone moja, akakitazama kidole chake. Tulipopima tena, unga ulikuwa mia moja na sita. Alichukua kofia akaenda boma, na jioni mzee akaachiwa.

Nilimtuma mke wangu ampelekee baba yake habari yote. Alirudi na mtungi nusu, maana visima vilikuwa vimekauka na wanawake walikuwa wakifukua mchanga wa mto kwa mikono.

"Amesemaje?"

"Amecheka. Anasema, jiwe la Ulaya lina maji, na sisi tunakwangua mto?"

"Na nini tena?"

Alitua mtungi kwanza. "Anasema anayeweza kuiba sawasawa hivyo ni mwenye mizani. Alijua tangu siku ile, ndiyo maana akasema ni yeye. Anasema mgongo wake umeshazeeka, wako bado unalea watoto. Ila usichukue tena."

Nilimweleza tena, kupitia kwa mke wangu, kupitia kwa shemeji zangu. Ningeweza kuvunja desturi, nikamtazama usoni nikaapa. Sikuthubutu, kwa kuwa niliogopa ataona kitu kingine usoni mwangu.

Alikufa katika njaa ya vita, bila kuamini habari ya maji. Alikwenda akijua kwamba mkwewe ni mwizi, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa tayari kupigwa kwa ajili yake. Ni mimi niliyemtia mikononi mwa askari kwa maneno manne, na hilo sikumwambia yeye wala binti yake.