Riwaya Iliyokatwa kwa Kisu cha Katoni

Majira ya kuchipua, kuta za Guangzhou hutoka jasho. Maji huchuruzika kwenye vigae vya ngazi, nguo hukaa kambani bila kukauka, na kila kitu hutoa harufu yake ya ndani. Ofisi ya Shangazi Mwajuma ya kusafirisha mizigo ilinuka jinzi mpya, harufu kali ya rangi ya buluu yenye uchachu kidogo, inayoganda kooni. Marobota yalifika asubuhi kutoka Xintang, kwenye viwanda vya jinzi, yakapimwa, yakaandikwa majina ya wenyewe kwa kalamu nene, na mchana kutwa ulisikia mkanda wa gundi ukilia kwaruu, kwaruu, ukizungushwa kwenye katoni. Mama yangu alifanya kazi humo, kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Baba alikwisha kutangulia zamani, tukiwa Dar es Salaam, na ndiyo sababu Shangazi, dada yake, alituleta China sote pamoja na mama. Mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mitano mama naye aliugua, akafariki kabla ya mvua za masika kwisha. Ninayotaka kusimulia ni majira hayo, na chama cha kusoma riwaya ambacho mama aliniachia kiti chake.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba wafungashaji na wanunuzi wa mali walikuwa na chama cha kusoma. Hudhani mfanyabiashara husoma bei tu. Lakini kila mwezi, Jumapili ya kwanza baada ya swala ya adhuhuri, watu kama kumi hivi walipanda ghorofa ya pili ya mgahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu, wakaagiza pilau na chai ya maziwa, wakazungumzia riwaya mpya za Kiswahili. Si zile za shuleni. Walitaka za waandishi walio hai, zenye simu na madeni ya benki na talaka, zenye watu kama wao. Shida ilikuwa kuzipata. Kitabu kilikuja ndani ya sanduku la mtu aliyetoka Dar au Nairobi kwa ajili ya maonyesho ya biashara ya Pazhou, na kilikuja kimoja tu. Basi watu wale wakatumia akili ya kazi yao. Mzigo usiobebeka na mtu mmoja hugawanywa. Mwenyekiti, Bwana Nassor, Mzanzibari aliyesafirisha vigae, alikilaza kitabu mezani, akakikata mgongo kwa kisu cha katoni, akakifanya mafungu. Kila fungu alilifunga mkanda wa gundi, kisha yakagawanywa kwa kura. Ulisoma lako peke yake kwa mwezi mzima bila kujua la mwenzio, na siku ya kikao mlisimuliana kwa zamu, toka fungu la kwanza hadi la mwisho, mpaka riwaya ikasimama nzima katikati ya meza. Kulikuwa na sheria moja: msimuliaji hasemi maoni yake mpaka mwenyekiti afungue mjadala. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, alipenda kusema Bwana Nassor, na mtu akitupa petroli mapema hatutaiva, tutaungua.

Mama alipofariki hawakukiondoa kiti chake. Baada ya arobaini Bwana Nassor alikuja ofisini, akanikuta nakunja maboksi, akasema, "Bi Zena, kiti cha marehemu hakikaliwi na koti. Jumapili njoo." Nilikuwa msichana wa shule mwenye ndala miguuni, na mtu mwenye ndevu nyeupe alikuwa ameniita Bi. Nilikwenda.

Mwezi ule ule ndugu zetu walikuwa wakipigiana simu kutupanga. Nilikuwa na wadogo watatu: Idi, aliyekuwa anaanza kubadilika sauti, Rehema, mwenye maswali mengi kuliko meno, na Saumu, aliyekuwa bado analala ameshika sikio langu. Baba mkubwa wa Dar alisema atamchukua Idi, amfundishe duka. Mama mdogo wa Tanga alimtaka Rehema. Saumu angekwenda Unguja kwa jamaa wa mbali asiyejaaliwa mtoto. Mimi ningebaki na Shangazi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walizungumza kwa upole, na kila mmoja alijitolea kwa moyo safi. Nilisikia yote kupitia mlango wa jikoni, na nilijua kwamba baada ya maonyesho ya Pazhou kwisha, mgeni mmoja wa Shangazi aliyekuwa anarudi Dar angesafiri na watoto wote watatu. Niliapa hawaendi. Namna ya kuwazuia sikuwa nayo.

Riwaya ya mwezi ule ilikuwa ya mwandishi kijana wa bara. Ilihusu fundi wa kuchomea vyuma katika mji mmoja wa ziwani, kijana aliyeachiwa wadogo watatu. Kura iliniangushia fungu la mwisho. Nililisoma ngazini, kwa sababu ndani kulikuwa na unyevu na karatasi zilianza kujikunja. Nilipofika ukurasa wa mwisho niliurudia mara mbili. Fundi yule aliwakubalia jamaa zake wawagawane wadogo. Wadogo walivalishwa viatu, wakachukuliwa huku na huku, naye akafunga mlango, akalala. Mwandishi aliandika vizuri sana, na hilo ndilo lililoniuma. Ulikuwa mwisho wa kumfanya mtu mzima ashushe pumzi na kusema, naam, ndivyo ilivyo. Na Shangazi, naye mwanachama, angekuwa pale mezani akisikiliza. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na fungu lile, ningeweza kusema lolote. Ningeweza kumfanya fundi awafungie mlango jamaa zake wote. Nililizungusha wazo hilo kichwani usiku kucha, na asubuhi nililiacha. Mama hakuniachia kiti ili nikikalie kwa uongo. Ningesema kilichoandikwa, kisha ningesema changu.

Jumapili ilipofika, Bwana Nassor alisimulia fungu la kwanza, msiba na mazishi. La pili lilikuwa la Mama Odette, mnunuzi wa jinzi kutoka Lubumbashi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Alimpenda yule fundi mpaka akawa anamsimulia kama mpwa wake. "Ule kijana ni muzuri, lakini hana mudomo," alisema. "Anachoma chuma tu. Watu wanaongea juu yake, yeye anachoma chuma!" Bwana Nassor alimkumbusha kwamba maoni ni baadaye. "Haya si maoni, mzee. Ni huruma." Wengine walifuata kwa zamu, mpaka fungu la kabla ya la mwisho, lililokuwa la Shangazi. Ndilo lenye kikao cha jamaa, pale walipoamua kuwagawa watoto. Shangazi alikohoa, akarekebisha ushungi.

"Fungu langu limeondoka," alisema.

"Limeondoka kwenda wapi?"

"Dar es Salaam. Nililiweka juu ya suruali nikipima mzigo, kabla sijalisoma, vijana wakafunga robota. Kontena limeondoka Alhamisi."

Mgahawa mzima ulilipuka kwa kicheko. Mpishi alichungulia kutoka jikoni. "Laoban!" alipiga kelele Mama Odette, akitumia neno la sokoni la kumwita bosi, "mutu atanunua jinzi, apate na hadithi ya bure!" Bwana Nassor alifuta machozi kwa leso. "Miaka yote hii twangoja kitabu kije toka kwetu. Mwajuma kakirudisha kwa meli. Haya, tutalivuka shimo. Bi Zena, tumalizie."

Nilisimama, ingawa wengine walisimulia wamekaa. Niliwaeleza mwisho wote kama ulivyoandikwa, viatu, mlango, usingizi, bila kupunguza neno. Nilipomaliza walishusha pumzi kwa kuridhika, kama nilivyoogopa. Shangazi alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole, macho yake kwenye kikombe.

"Ahsante, Bi Zena," alisema Bwana Nassor. "Mwisho mwema. Kijana katua mzigo. Sasa mjadala..."

"Mwandishi amekosea," nilisema, kabla hajaufungua.

Aliniangalia juu ya miwani. Nadhani alitaka kunikumbusha sheria, kisha akaiacha. "Amekosea wapi?"

"Wale wadogo hawasemi kitu. Katika fungu langu lote hawana neno hata moja. Wanavalishwa viatu tu."

"Labda waliulizwa katika fungu lililopotea."

"Labda. Hilo liko baharini, hatuwezi kulifikia. Lakini Idi, Rehema na Saumu hawako baharini. Wako nyumbani, na hakuna aliyewauliza."

Shangazi aliweka kikombe chini. "Zena, hapa tunazungumza kitabu."

"Nami nazungumza kitabu, Shangazi. Ila na sisi tumo."

Sikupandisha sauti. Shangazi hakukasirika, ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika. Alizungumza kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Wote hapa watakuonea huruma, mwanangu, na jioni kila mtu atakwenda kwake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nani atawapikia? Nani atasimama langoni kwa walimu wao? Marehemu alikuwa mkono wangu wa kulia ofisini. Mimi ninao mmoja tu uliobaki."

"Nitashika meza ya mama kuanzia kesho," nilisema. "Shule nitaiacha mimi. Wao wasiache."

"Non!" Mama Odette alipiga meza. "Mutoto haachi masomo! Nassor, mwambie!"

Bwana Nassor alimgeukia Shangazi. "Bibiye, mimi kitabu nilikikata ili kila mtu aubebe upande wake. Sikukikata ili mafungu yasirudi mezani. Waulize watoto. Wakisema wanataka kwenda, Bi Zena atanyamaza. Au sivyo?" Nilisema ndivyo. Hilo ndilo neno lililonigharimu zaidi kulitamka kuliko lile la shule, kwa sababu sikujua wangejibu nini. Idi alilipenda sana duka la baba mkubwa.

Jioni ile Shangazi aliwaketisha mkekani, mmoja mmoja akamweleza anakoandaliwa, bila kuficha raha wala tabu yake. Idi alisema atakwenda ikiwa Rehema atakaa nyumba hiyo hiyo. Rehema aliuliza nani atamsuka Saumu. Saumu akauliza kama Unguja ni karibu, ili arudi kula chakula cha jioni na sisi. Shangazi akachukua simu akampigia baba mkubwa, akampigia mama mdogo, akampigia na yule wa Unguja, na kila simu alisema maneno yale yale: "Watoto nimewauliza. Watakaa pamoja. Tuombeeni." Alipomaliza alinigeukia mimi. "Kesho saa mbili. Marehemu alikuwa hachelewi." Sikuchelewa.

Sitasema ilikuwa kazi nyepesi. Nilijifunza kupima, kufunga, kubishana na madereva, na kuwajibu "meiyou", hakuna, wateja waliotaka nafasi ya bure ndani ya kontena. Wenzangu wa darasani walipita dirishani na mikoba yao mgongoni, nami nikaendelea kuzungusha mkanda. Kulikuwa na siku nilizochukia kila kitu, pamoja na mdomo wangu. Lakini jioni tulikaa sote kwenye meza moja, Rehema akinisomesha alichofundishwa, nami nikisoma fungu langu la mwezi. Elimu yangu yote baada ya miaka kumi na mitano niliipata hivyo, vipande vipande, nikingoja wengine waniletee vilivyobaki. Cheti sina. Chama kile sikukosa kikao.

Leo bado niko Guangzhou. Ofisi ni yangu, kwa kuwa Shangazi amerudi kwao Kigamboni kufuga kuku na kuwafokea kama alivyotufokea. Mwenyekiti ni mimi. Hatukati tena vitabu. Riwaya huingia kwenye simu ya kila mtu kwa wakati mmoja, nzima, na mwenzetu aliyeko Lubumbashi huhudhuria akiwa sebuleni kwake. Ni bora, sikatai. Hakuna fungu linalopotea baharini. Lakini sasa kila mtu anacho kitabu kizima na nusu yao hawakimalizi, na wasiokimaliza ndio hubisha kwa sauti kubwa. Zamani hukuthubutu kuja hujasoma, maana bila wewe kulikuwa na shimo, na watu kumi walikuwa wakikutazama. Riwaya ya yule fundi niliinunua nilipokuwa mtu mzima, nikalisoma lile fungu la Shangazi. Wadogo hawakuulizwa. Nililimaliza, nikampigia Idi, tukazungumza habari nyingine.

Idi ni fundi mitambo bandarini Dar. Saumu anasoma uuguzi huku China, mji wa mbali na mimi. Rehema anafundisha Tanga. Ndiyo, Tanga ile ile ya mama mdogo, na ameipenda. Ukiangalia ramani utasema jamaa zetu walishinda mwishowe, kwani tuko mbalimbali zaidi kuliko walivyotupangia. Mwanachama mmoja mpya aliniambia hivyo mwezi uliopita, akidhani ananitania: si ungewaacha tu waende mapema, ukabaki na shule yako? Nilimjibu kama nilivyomjibu Bwana Nassor, bila kupandisha sauti. Kila mmoja wao, siku yake ilipofika, alikaa mbele yangu mezani, akasema kwa mdomo wake anakotaka kwenda, nami nikamfungia mizigo. Ndugu zangu wametawanyika. Hawakugawiwa.