D.O. Alipocheza Wimbo Wetu

Mimi ni msanii wa hip hop, na kazi hii naijua. Nimeimba Meru mpaka watu wakakataa kwenda nyumbani, na kule Mitunguu wakulima wameacha migomba yao ikingoja maji waje kunisikiliza. Anayetaka unyenyekevu akautafute kwingine. Lakini ubeti ulionifanya msanii niliutoa Siakago, miaka ya tisini, mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kusikia mtu akirap.

Kwetu maji yalikuwa taabu. Nyaya za umeme kutoka bwawa la Kiambere zilipita juu ya boma letu zikienda mbali, nasi hatukupata taa wala tone. Mama na wenzake waliteka maji mtoni, mtungi mgongoni, kamba yake imepitishwa kwenye paji la uso. Nilikasirika tangu utotoni. Nilipojifunza kurap kwa kaseti za kuazima mjini Embu, hasira ile ikapata mlango.

Siku moja tukasikia kwamba mkuu wa tarafa, D.O. kama tulivyomwita, atakuja barazani. Nilitaka asikie habari ya maji kutoka kinywani mwangu, kwa hiyo nikaenda kwa chifu kuomba nafasi.

"Hiyo maneno yako ya kuongea mbiombio hatutaki hapa," chifu akasema. "Mgeni atafikiri hatuna adabu. Ukijaribu utalala ndani."

Nikamweleza mama, kiongozi wa kikundi cha akina mama walioimbia wageni. Alicheka mpaka akaketi.

"Kwa wimbo yetu kila mtu ako na nafasi ya kutupa maneno," akasema. "Wewe utatupa yako, sisi tutaitikia. Chifu ataweza kunyamazisha akina mama?"

Hakuweza, na mama alijua. Kwetu akina mama wakimwimbia mgeni, mgeni huinuka acheze nao, wala haketi mpaka wimbo uishe. Kuketi katikati ni kuwatukana wote.

Baraza lilipojaa, D.O. aliinuka kwa furaha, mabega yakaanza kazi. Mama akatupa mstari wa kumkaribisha, wenzake wakaitikia, kisha akanivuta katikati ya duara. Nilikuwa tayari. Sijawahi kuwa tayari vile tena.

"Stima inapita juu, inawaka huko mjini,
Mathe anabeba mto, kamba imezama kichwani!"

Akina mama, hao mathe wenyewe, wakaitikia kwa nguvu. Chifu alinikazia macho hadi nikaona mishipa ya shingo yake, lakini afanye nini, mgeni wake yuko uwanjani anacheza? D.O. naye aliyasikia maneno vizuri. Akaendelea kucheza, ila polepole, kama mtu aliyekanyaga mwiba na hataki watu wajue. Nikamwaga ubeti wote, wa mto, wa wasichana wanaokosa shule kwa ajili ya mtungi, wa ahadi za kila baraza. Mbele yake nilijiona mrefu kuliko kawaida.

Wimbo ulipoisha akashika maikrofoni akicheka.

"Huyu kijana anajua kuimba," akasema, "lakini anaongeza chumvi. Kamba inaweza kuzama kwa kichwa ya mtu? Maji si mbali hivyo."

Watu wakacheka naye, kwa heshima. Mimi nilihisi damu ikipanda. Ubeti wangu ulikuwa unageuzwa mzaha mbele ya macho yangu, na nilijua akiondoka na kicheko kile, habari ya maji imezikwa.

Ndipo mama akasogea mbele akafungua kitambaa chake cha kichwa. Maishani mwangu sikuwa nimemwona bila kitambaa mbele ya watu. Kwenye paji lake kulikuwa na mfereji wa kamba, ungeweza kulaza kidole ndani yake. Jirani yake akafungua chake. Kisha mwingine, na mwingine, hata nyanya waliokuwa wameketi nyuma wakainuka na kufungua. Kicheko kikakatika.

D.O. alivua kofia yake ya serikali akaishika kifuani.

Mama hakumtazama. Alinigeukia mimi.

"Sasa rudia," akasema. "Kutoka mwanzo. Saa hii hakuna mtu atacheza."